Mini, Pekosi na Soul: Fimbo Iliyoinuliwa Mwaka 1968



Ndugu zangu, wiki hii nimepokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wazazi watatu wa hapa Bariadi mjini, kila mmoja kwa wakati wake. Wanasema vijana wamezidi. Singeli inapigwa vijiweni mpaka saa sita usiku, suruali zimechanwa magotini, mabinti wanavaa vya kubana, na maneno ya nyimbo zenyewe huwezi kuyasikiliza umekaa na mkweo. Wanataka sisi maimamu tukae na viongozi wa kata, mgambo wapite, vijana wakamatwe, wanyolewe, spika zichukuliwe. Mmoja akamalizia hivi: "Shekhe, enzi za Mwalimu haya yasingetokea."

Hilo la enzi za Mwalimu ndilo lililonikalisha chini niandike. Maana yalitokea, ndugu yangu. Yalitokea sana, na dola ilifanya hichohicho unachokiomba. Chukua kikombe chako cha chai, maana leo ni somo refu kidogo.

Kwanza nisije nikasingiziwa. Stara ni wajibu, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kumpigia jirani spika usiku wa manane ni kumuudhi, na kumuudhi jirani ni dhambi hata kama unachopiga ni kaswida. Kuhusu ala za muziki, wanachuoni wamezungumza tangu kale. Imamu Ghazali aliutengea usikilizaji kitabu kizima ndani ya Ihya, Ibn Hazm alilegeza, na wengi katika madhehebu yetu ya Shafii walikaza. Leo sitoi fatwa ya gitaa. Leo tunazungumza habari ya fimbo, nani anaishika na inaishia mgongoni kwa nani.

Tuanzie nyumbani. Miaka ya 1950 Bariadi ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa. Waingereza walikuwa wameanzisha mpango mkubwa wa kuiendeleza Usukuma tangu mwaka 1947. Mengine katika mpango ule yalikuwa na faida, siwezi kukataa, lakini yaliletwa kwa amri. Lima matuta ya namna hii. Panda muhogo. Peleka samadi shambani. Punguza ng'ombe. Asiyetii alipelekwa baraza la mtemi, akatozwa faini au akafungwa. Mwambie Msukuma apunguze ng'ombe kwa amri ya bwana shamba, halafu uone atalala vipi usiku huo!

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Haukupita muda, serikali ikaizuia kufungua matawi huku Usukumani, na zuio hilo likakaa mpaka mwaka 1958. Chama kikawa hakiruhusiwi kusema hadharani. Sasa niambie, utazuiaje wimbo wa kulimia? Vijana wa elika wanaingia shambani kwa mtu, ngoma inalia, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na mtunzi anaanza na sifa za mwenye shamba. Kutoka hapo anakwenda kwenye bei ya pamba, anapita kwa ng'ombe, na kabla karani hajashtuka ameshafika kwa mtemi na mzungu wake. Ikifika kiangazi, mavuno yameingia ndani, Wagika na Wagalu wanakutana kwenye mbina, na watu wanatembea vijiji kwa vijiji kwenda kumsikiliza mtunzi hodari. (Yale madawa na mizimu ya mbina nimeshayasemea mara nyingi, leo niacheni.) Wazee wetu wengi walikuwa hawajui kusoma gazeti. Gazeti lao lilikuwa mdomo wa mtunzi.

Kwa hiyo chama kilichokuja kutawala nchi kilikuwa kinaijua vizuri nguvu ya kijana anayeimba. Weka hilo akilini, tutalihitaji.

Uhuru ukapatikana. Tarehe 10 Disemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere akalihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alilalamika kwamba wakoloni walitufundisha kuuonea haya utamaduni wetu, kwamba vijana wanajua rumba na twisti lakini ukiwauliza gombe sugu au lelemama wanakutazama tu. Yalikuwa malalamiko ya haki, na mimi nayaunga mkono mpaka leo. Watoto wetu wanamjua mchezaji wa Ulaya na jina la mke wake, lakini hawajui babu yao amezikwa wapi.

Ila lalamiko hilo la haki halikuchukua hata miaka sita kabla ya kuota meno.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, TYL, chini ya uenyekiti wa Lawi Sijaona, ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi za mini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana vikawa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba mambo hayo ni ya kibeberu, yanavunja heshima ya Mwafrika. Utekelezaji ukaachiwa vijana wa chama wapite mitaani wakikagua.

Tangazo lilisema Januari, lakini wapo ambao hawakuingoja. Siku hizohizo za Oktoba makundi ya wanaume yaliwavamia mabinti pale Kariakoo, wengine wakawashusha ndani ya mabasi, wakawachania nguo mbele za watu, mpaka polisi ikabidi waingilie kati. Soma tena sentensi hiyo polepole, mzazi mwenzangu. Operesheni iliyoanzishwa kwa jina la stara ilianza kwa kumvua nguo binti wa watu sokoni.

Magazeti ya wakati ule yalijaa barua za wasomaji. Wapo waliopongeza, na wengi wao walikuwa watu wazima kama wewe na mimi. Wapo waliouliza maswali magumu. Kama mini ni ya kizungu, suti na tai za waheshimiwa zimetoka kijiji gani? Kama tunarudi kwenye mavazi ya mababu, mababu wenyewe walivaa nini, maana wengine walijifunika kidogo kuliko hiyo mini! Na mbona orodha karibu yote inamhusu mwanamke, tena binti mwenye kazi ya ofisini na mshahara wake mwenyewe? Swali hilo la mwisho ndilo lililouma. Mji ulikuwa umejaa wanaume wasio na kazi waliowaona mabinti hao wakipita kila asubuhi na pochi zao, na sasa chama kimewapa ruhusa ya kuwagusa.

Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Kariakoo miaka hiyo. Alitusimulia kwamba biashara haikuanguka, ilibadilika tu. Wateja wake wa kike walimtaka apinde upindo mara mbili na aushike kwa uzi mlegevu. Ukiona vijana wa TYL mbele, unavuta uzi, sketi inashuka chini ya goti. Ukifika dansini unaipandisha kwa pini. "Serikali ilinipa kazi ya kushona uwongo," alikuwa akisema, halafu anacheka mpaka anakohoa.

Je, mabinti hao walikuwa wapinzani wa serikali? Wengi wao, mimi naamini, walitaka kucheza dansi siku ya Jumamosi na kuonekana wa kisasa, basi. Hawakuwa na ilani wala mkutano. Lakini ukishamwekea mtu mgambo wa kupima goti lake, goti limekuwa siasa hata kama mwenyewe hakutaka. Kuanzia Januari 1969, kuvaa ile sketi ilikuwa ni kusema "hapana" mbele ya dola, na aliyesema alijua anachosema.

Muziki nao haukuachwa. Novemba 1969 mamlaka ya Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulikuwa na Dar es Salaam ndani yake, ilipiga marufuku soul mjini. Hapa ningependa tutulie kidogo. Soul ilikuwa ya nani? Ni muziki wa watu weusi wa Marekani, wajukuu wa watumwa, wakina James Brown, Otis Redding na Aretha Franklin, ambao sauti zao zimelelewa makanisani mwao. Na miaka hiyohiyo Dar es Salaam ilikuwa inawapokea kwa heshima wapigania haki wa watu haohao. Al-Hajj Malik El-Shabazz, mnayemwita Malcolm X, alifika Dar mwaka 1964. Mji uliompokea yeye ndio uliokuja kuufukuza muziki wa ndugu zake kwa sababu ni wa kigeni. Vijana wa Dar waliona kinyume. Waliona mtu mweusi aliyevaa vizuri, nywele amezifuga kwa fahari, haombi radhi kwa mtu. Wakati wakubwa wakiita hilo ukoloni, wao waliliita uhuru. Mimi singewapongeza kwa yote yaliyofanyika ndani ya madansi yale, lakini nayaelewa macho waliyotazama nayo.

Sasa tufike mahali ambapo ndugu zangu Waislamu hunyamaza.

Wakati Operesheni Vijana inasubiri tarehe yake, kulikuwa na jumuiya ya Waislamu iliyoitwa East African Muslim Welfare Society, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1945, yenye misikiti na shule Afrika Mashariki yote. Ndani yake kulikuwa na mgogoro, hilo ni kweli. Disemba 1968 serikali ikaipiga marufuku. Mwezi huohuo, kwenye mkutano wa Iringa, ikazaliwa BAKWATA. Sifungui hapa mjadala wa BAKWATA, nina ndugu na marafiki ndani yake na tunafanya nao kazi. Nakuomba utazame kalenda tu. Oktoba vijana wa chama wanatangaza kumfundisha binti namna ya kuvaa, na katika misikiti wapo wanaofurahi kwamba hatimaye kuna anayewatia adabu. Disemba dola inawaamulia Waislamu jumuiya ipi ife. Januari binti anasimamishwa barabarani. Ndani ya miezi mitatu, serikali ileile imeamua urefu wa sketi na uhai wa jumuiya yenu.

Aliyeshangilia Oktoba alikuwa na neno gani la kusema Disemba? Ulishakubali kwamba dola ikisema "hiki kinaharibu umoja na heshima ya taifa," hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Wanachuoni wetu, Ghazali akiwa mmoja wao, wanasimulia kisa cha Sayyidna Umar, Allah amridhie. Alikuwa akizunguka usiku Madina, akasikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu yuko katika maasi. Akamkemea. Yule mtu akamwambia: Ewe Amiri wa waumini, usifanye haraka. Mimi nimemuasi Mola katika jambo moja, wewe umemuasi katika matatu. Umepeleleza, na Mola amekataza kupeleleza. Umeingia kwa nyuma, na ameamrisha nyumba ziingiwe milangoni. Umeingia bila hodi wala salamu, na ameamrisha vyote viwili. Ukitaka kuzihakiki, aya zenyewe ziko Suratul Hujurat, Suratul Baqara na Suratun Nur. Umar akakubali, wakaelewana, akatoka. Huyo ni Umar, ambaye shetani alikuwa akibadilisha njia akimwona! Sasa mgambo wetu wa kata, ambaye jana alikuwa kijiweni palepale, tunampa ruhusa ya kupima magoti kwa idhini ya nani?

Kwa wazazi wangu watatu, jibu langu ni hili. Barua ya kuomba msako sitaisaini. Habari ya spika usiku nimekwenda mwenyewe kwa mwenye kibanda, kwa mlangoni na kwa salamu, tumekubaliana azime saa tatu. Na Jumamosi baada ya Alasiri nakaa nao kijiweni. Mmoja ameshaniuliza kama nitakunywa kahawa yao. Nitakunywa.

Tuvuke bahari kidogo, maana Unguja mambo yalikuwa makali zaidi. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Baraza la Mapinduzi lilitawala bila uchaguzi, watu wakifungwa bila kesi, na kuelekea mwaka 1972 hata mchele ulikuwa wa foleni. Katika hali hiyo kijana wa Mji Mkongwe anakwenda sinema, anamwona mtu amevaa suruali pana chini, anarudi kwa fundi. Wao waliziita bugaluu, huku bara tukasema pekosi. Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi ukawa unawasaka, wanaovaa wanaadhibiwa, wenye nywele ndefu wananyolewa. Mzee Karume aliuawa Aprili 1972, bugaluu zikaendelea. Ukitaka kujua kwa nini kijana ahatarishe mgongo wake kwa sababu ya suruali, fikiria alibakiwa na nini kingine cha kuamua. Chakula kimeamuliwa na foleni. Kazi imeamuliwa na chama. Gazeti ni moja. Kilichobaki mikononi mwake ni upana wa suruali.

Taarabu nayo ilivutwa. Vikundi vikawekwa chini ya mbawa za chama na serikali, hata Ikhwani Safaa iliyoanza mwaka 1905 haikubaki ilivyokuwa. Lakini taarabu ina silaha yake ya tangu zamani, fumbo. Mtunzi anamwimbia ua, na ukumbi mzima unajua ua ni nani. Sensa ataandika nini katika ripoti yake? Kwamba mtu ameimba habari za ua?

Bara ilikuwa vivyo hivyo. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania, na studio ya kurekodia bendi ilikuwa yake. Maneno yalipelekwa kwanza, yakasomwa, ndipo mkaingia kurekodi. Bendi nyingi zililelewa na taasisi za umma: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, bendi za polisi na za jeshi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Kumbe ndiyo maana nyimbo nyingi za zama zile zinasimulia mume mgumu, mama mkwe, tajiri aliyesahau alikotoka. Nyingine zilikuwa na maana hiyohiyo tu, tusitafute siasa hata pasipo na siasa. Lakini waliozicheza wanakwambia zipo ambazo kila mtu dansini alijua mume mgumu ni nani. Ndiyo sanaa ileile ya mtunzi wa elika aliyeanza na pamba akafika kwa mtemi, isipokuwa safari hii mtemi ni mwenzetu.

Siyo mambo ya kale tu. Vijana mnaosoma hapa mnakumbuka Machi 2017. Ney wa Mitego alitoa wimbo wake "Wapo", Jumapili tarehe 26 akakamatwa Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia wimbo kwa kukosa maadili. Jumatatu Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wimbo haukubadilika hata neno, kilichobadilika ni mtu mmoja kuupenda. Siku chache baadaye, Aprili, Roma Mkatoliki na wenzake walitekwa studio na watu wasiojulikana, wakapatikana baada ya siku tatu. Mwaka 2018 zikafungiwa nyimbo kadhaa kwa mkupuo, safari hii nyingi zikilaumiwa kwa uchafu. Baadhi ya hizo mimi nisingekubali zipigwe nyumbani kwangu. Lakini angalia: neno ni lilelile, maadili. Limetumika kwa aliyemsema mkubwa, limetumika kwa aliyeonyesha mapaja, na nyie wazazi mnalisikia mnafurahi bila kuuliza safari hii limekusudiwa lipi.

Na mzee wangu uliyeniandikia habari za enzi za Mwalimu, nina ombi. Pale kwetu safu ya kwanza kuna wazee wanne ambao mwaka 1969 walikuwa vijana wa miaka ishirini, na umri wako unanionyesha hukuwa mbali nao. Baada ya Isha keti nao uwaulize nani alikuwa na pekosi. Mmoja bado ana picha, Mwanza, amesimama mbele ya studio na viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali, nywele zimetuna pande zote. Ndiye leo anayetuadhinia Alfajiri.

Wabillahi tawfiq. Maswali yaandikeni hapa chini, nitayajibu baada ya darsa la Jumapili, inshaallah.